Magazini ya Upande wa Kulia

Mama alikuja Kahama kutoka Kishapu akiwa ameipakata picha ya baba yake, imefungwa ndani ya kanga mbili kama mtoto mchanga anayepelekwa kliniki. Kondakta alimwomba aiweke juu pamoja na mizigo. Akamwambia amweke juu baba yake yeye kwanza. Alipoingia studio kwangu kona ya fremu ilikuwa imemwachia alama mkononi, na kabla sijamaliza shikamoo alikuwa ameshaanza kutoa maagizo.

Nina studio ndogo karibu na soko. Siku hizi kupiga picha si kazi tena, kila mtu ana simu. Riziki yangu inatoka kwa marehemu. Watu huniletea picha zilizotafunwa na mchwa, nami nazikuza kwenye kompyuta, naziba matundu, narudisha sikio lililopotea, kisha zinakwenda kuchapwa kwenye vigae vya makaburi. Wengine hutaka na koti. Mzee aliyeishi maisha yake yote na shuka moja, namvisha suti na tai, wanawe wanalia kwa furaha. Sibishani nao.

Mama hakutaka koti. Kaburi la baba yake kule Kishapu lilikuwa linajengewa upya, na baada ya mavuno ukoo wote ungekusanyika. Alitaka picha ile ile kwenye kigae, na chini yake neno moja kwa herufi kubwa: ASKARI. Tena alikuwa ameshamwalika mzee mmoja wa kanisani kwake, mwanajeshi mstaafu, aje na bereti yake apige saluti mbele ya kaburi.

Nyumbani kwetu hilo halikuwa na mjadala. Guku, yaani babu, alikuwa askari. Picha ilikaa juu ya mlango wa chumba cha bibi tangu mama hajapata akili: mwanamume mwembamba, shati na kaptula ya kaki, kofia imelala pembeni, mikononi bunduki fupi ya chuma. Nyuma yake kulikuwa na safu ya watu waliofifia, nasi tuliambiwa hao ndio wenzake wa kikosi. Vita gani? Ya Wazungu. Aliyeuliza zaidi alitumwa kuteka maji.

Mama alifiwa na baba yake angali mdogo. Alikulia kwa wajomba, akala mwisho, akavaa mitumba ya binamu zake. Alipochokozwa, jibu lake lilikuwa moja: baba yangu alishika bunduki. Hiyo ndiyo mali aliyoachiwa. Mpaka leo akitembea sokoni Mhunze, kule kwao Kishapu, hunyoosha mgongo, nami najua ananyooshea nini.

Hakuniruhusu kuifungua fremu. Bibi aliifunga kwa mkono wake, mama akasema, na mkono wa marehemu haufunguliwi hovyo. Basi nikaipiga picha hivyo hivyo, kupitia kioo, nikaanza kazi.

Mchana wa kiangazi Kahama hulala macho wazi. Feni huzunguka polepole, vumbi linaingia na kukaa kwenye kila kitu, hata cherehani ya jirani huwa kama inaota. Katika saa hizo mimi huingia ndani ya picha. Naikuza mpaka uso unakuwa ukungu, natembea humo kama mtu anayevuka lambo la maji, nakanyaga nisichokiona. Nilikaa na guku hivyo siku kadhaa. Nilijua vishimo vya mashavu yake. Nilijua jicho lake la kushoto lilikuwa dogo kuliko la kulia, kama la mama. Mara nyingine nilisikia watu nyuma yake wakinong'ona, nikainua kichwa, kumbe ni wateja mlangoni.

Siku moja nilisafisha ile safu ya nyuma. Mwenzake mmoja wa kikosi alikuwa na mtoto mgongoni.

Nikamtazama vizuri. Mwanamke, kabeba mtoto kwa mbeleko, mdomo wazi. Anacheka. Aliyefuata naye anacheka. Nikatoka nje nikanunua soda, nikainywa yote nimesimama juani.

Niliporudi nilihamia kwenye bunduki. Kwetu huku, mtu akitaja SMG kila mmoja anaiona ile ya magazini, kasha la risasi, iliyopinda, ya polisi na ya majambazi. Hii haikuwa hiyo. Ilikuwa kama bomba la maji lililochomelewa kitako cha fito, na magazini yake haikushuka chini. Ilitokeza ubavuni, imenyooka, kama mpini. Nikapekua mtandaoni mpaka macho yakaniuma. Nilipata mbili za namna hiyo, zote za Waingereza. Moja ina magazini iliyopinda na mtutu uliojaa matundu. Nyingine imenyooka, bomba tupu: Sten. Nikafurahi kama niliyepata ng'ombe aliyepotea. Kumbe bibi alikuwa sahihi, nikasema moyoni, vita ya Wazungu, silaha ya Wazungu. Nikamtumia mzee mstaafu picha ile kwa simu ili anithibitishie.

Akanipigia saa ile ile.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mwanangu, hii bunduki umeitoa wapi?"

"Ni ya babu. Si Sten?"

"Sten naijua. Tulipokuwa kuruta zilikuwepo stoo, kuukuu, tulizisafisha kwa adhabu." Akakohoa kidogo. "Sten magazini inatokea kushoto kwa mshikaji. Zote. Hii ya mzee inatokea kulia. Bunduki ya hivyo haipo, mwanangu. Haijatengenezwa."

Nikacheka kwa nafuu, maana jambo hilo ni la fani yangu. Picha za zamani zilisafishwa kutoka kwenye filamu, na fundi mzembe akiigeuza filamu, kulia kunakuwa kushoto. Nimeshakutana na maiti wengi waliogeuzwa. Nikabonyeza kitufe kimoja, guku akageuka, magazini ikahamia kushoto inakotakiwa. Nikachapa nakala, nikaipeleka jioni nyumbani kwangu, alikofikia mama na fremu yake, kwa mikogo yote.

Mama alikuwa jikoni anasonga ugali. Akaifuta mikono, akaishika nakala, akaitazama kwa muda. Uso wake ukakunjamana.

"Huyu ni nani?"

"Baba yako, mama."

"Huyu si baba."

"Nimeigeuza tu, ilikuwa imekosewa..."

"Ng'wanone, mwanangu, mimi ningali na macho." Akagusa jicho lake dogo, la kushoto. "Hili nimelirithi wapi? Huyu wako jicho dogo liko kulia. Mrudishe baba yangu kama alivyokuwa."

Niliona aibu, maana jicho lile nililijua kuliko kiganja changu. Picha haikugeuzwa. Guku alikuwa sawasawa, na bunduki aliyoishika haijawahi kutengenezwa duniani. Ikabidi nimweleze yote, mwanamke mwenye mtoto, kicheko, magazini. Nilitarajia anifokee. Akavuta kigoda akaketi, ugali unapoa kwenye sufuria, akasema kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake:

"Fungua hiyo fremu."

Misumari ilikuwa imeshika kutu. Nilipoondoa ubao wa nyuma, picha ikatoka ndefu kuliko tulivyoijua. Sehemu ya chini ilikuwa imekunjwa kwenda nyuma, imekunjwa kwa uangalifu, mkunjo ukanyooshwa kwa ukucha. Nikaikunjua taratibu ili isikatike. Ikatokea miguu ya guku. Pekupeku, na kila mguu una njuga, safu juu ya safu, kutoka kwenye vifundo mpaka karibu na magoti. Mguu mmoja ulikuwa hewani.

Hakuna jeshi linalovaa njuga.

Ilikuwa mbina, mashindano ya ngoma ya Wasukuma. Baada ya mavuno, makundi mawili ya wachezaji, Wagika na Wagalu, walikutana uwanjani na kupiga ngoma pande mbili, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi upande wake. Kwa hiyo kila kundi lilificha jambo la ajabu mpaka siku yenyewe: nungunungu, chatu, sanamu ya mti yenye mikono inayocheza. Guku wangu alitoka na bunduki ya mti. Nilipoikuza tena, bila fremu wala kioo, niliona alama za tezo kwenye mtutu, na mtutu wenyewe hauna tundu. Bibi alikuwa mtoto wa misheni, Ushirombo, na mapadre wa zamani hizo hawakutaka kusikia mbina. Guku alibatizwa ili amwoe, akaacha ngoma. Bibi akaikunja miguu. Akabaki na mume mwenye kaki na bunduki, heshima tupu. Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Ya bibi ilimzika yeye mwenyewe na bado ikaendelea.

Nilitaka tulicheke hilo na mama, lakini mama hakuwa na kicheko. Alikuwa anaziangalia njuga zile kama mtu aliyeporwa njiani mchana kweupe.

"Kwa hiyo mchezaji," akasema. "Miaka yote ile najidai kwa mchezaji na kipande cha mti."

Nilimpenda sana wakati ule, na nilijuta kuwa fundi wa picha. Jua lilikuwa linazama, mwanga mwekundu umeingia jikoni mpaka kwenye moshi, na sote wawili tukawa kama watu walio ndani ya picha ya mtu mwingine. Nikasema tu kwamba fundi wake alikuwa hodari, ila alikosea upande.

"Fundi gani? Baba alichonga vitu vyote mwenyewe. Mipini, vinu. Hakukosea kitu." Akaiinamia tena picha. "Aliiona wapi?"

"Nini?"

"Hiyo bunduki. Huwezi kuchonga usichokiona."

Akainuka. Akautoa mwiko kwenye sufuria, akaufuta kwa kanga, akaushika kwa mkono wa kulia kama mtutu, na kwa mkono wa kushoto akashika kijiko, akakitokeza ubavuni upande wa kushoto, kama Sten ya kweli. Akanielekezea kifuani.

"Simama hapo hapo. Magazini unaiona upande gani?"

"Kulia," nikasema. "Kulia kwangu."

Akakitazama kijiko, kisha akaitazama picha.

Kabla ya kuoa, guku alifanya kazi kwenye machimbo ya zamani ya wakoloni, upande wa Geita. Hilo tulilijua, lilikuwa hadithi ndogo tu, haikuwekewa fremu. Bibi aliwahi kumsimulia mama kwamba kila jioni wachimbaji walipotoka shimoni walivuliwa nguo zote, wakapanua midomo na vidole, wakapekuliwa nywele, wasije wakatoka na punje ya dhahabu. Na muda wote huo mlinzi alisimama mbele yao na bunduki.

"Aliijua kwa mbele," mama akasema. "Hakuwahi kuishika ya kweli akaiona kwa nyuma. Aliijua hivi ulivyoiona wewe sasa." Akaushusha mwiko. "Uchi, ng'wanone. Kila jioni, uchi."

Kisha akakaa chini, akalia, nami nikalia. Ugali tuliula baridi.

Kesho yake aliamka mapema, akanikuta studio. Aliniomba nimwonyeshe tena wale watu wa nyuma, mmoja mmoja. Yule mwenye mtoto. Kijana aliyejishika mbavu. Mzee asiye na meno, kichwa kimerudi nyuma. Alikaa nao mchana wote, kidole chake kikitembea kwenye kioo cha kompyuta, na mara moja nilimsikia akicheka peke yake, pamoja nao. Jioni akaniambia nisifanye chochote, nisizibe tundu wala nisifute doa, nichape kama ilivyo, na miguu yote. Nikamuuliza kuhusu neno la chini. Akasema tuliache.

Tuliweka kigae baada ya mavuno, asubuhi, pamba bado zimebaki nyeupe kwenye miba ya njiani. Watu walikuwa wengi. Waliinama kutazama njuga, wakatazamana, wakarudi nyuma, maana walikuwa wameitiwa askari. Mzee mstaafu alikuwa ameshafika, bereti imenyooshwa, viatu vinang'aa kwenye vumbi, amesimama hatua chache mbele ya kaburi. Sikuwa nimempa habari. Kusema kweli niliogopa. Naye akakiona kigae. Akamgeukia mama, mkono umeanza kupanda na haujafika.

"Mama, nifanyeje? Nipige saluti?"

Kaka zake mama walikuwepo, na katekista, na majirani ambao tangu utotoni walimjua kama binti wa askari. Mama akanyoosha mgongo wake ule ule.

"Baba hakuwa askari," akasema. "Askari ndiye aliyekuwa mbele yake."

Mzee akaitazama tena ile bunduki kwenye kigae, na magazini yake ya kulia. Niliona alipoelewa, maana ndiye mtu aliyezisafisha Sten kwa mikono yake. Akavua bereti, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Basi nisisimame hapa," akasema, akatoka mbele ya kaburi, akaja nyuma kusimama na sisi.