Sahani Niliyomtengea Kambo

Ule mwaka wa korona tulibaki wawili katika nyumba yetu ya mtaa wa Katuba, mimi na kambo, mama mzazi wa mama yangu. Mama alikuwa amekwenda Sakania, mpakani, kuuza vitenge, kwa wiki moja tu, ndivyo alivyosema. Halafu mabasi yakakatazwa kubeba abiria, na ile wiki ikawa miezi. Kila alipopiga simu aliuliza jambo moja hata kabla ya salamu: "Kambo anapumua muzuri?"

Kambo ana pumu tangu zamani. Wakati wa baridi, vumbi la Katuba linapoinuka, kifua chake kinapiga filimbi hata akiwa ameketi tu. Redioni walisema ugonjwa huu unawashinda zaidi wazee na wenye vifua vibovu. Mama naye alikuwa na redio kule Sakania. Siku moja akaniambia, "Miye siko. Weye njo uko. Kama unamuletea ile bugonjwa, utaniambia nini?" Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali ningelia, nikasahau. Alisema polepole, na tangu siku ile nililala na maneno yake.

Nilikuwa na miaka kumi na mitano, shule zimefungwa. Mimi si mtu wa kusema sana. Darasani mwalimu akiniuliza, jibu ninalo, ila linakwama kooni mpaka mwingine alitoe. Kwa hiyo habari ya mama sikumwambia mtu. Nilifungua kaye, daftari langu la jiografia, upande wa nyuma, nikaanza kuandika kila jioni nimekaribiana na nani siku hiyo. Mwenye kuuza sabuni. Mama fulani aliyekohoa wakati tunanunua unga. Rafiki yangu.

Rafiki alikuwa huyo mmoja tu. Tulikutana kisimani, parsele, yaani kiwanja, ya tatu kutoka kwetu, ambako njia nzima ilichota maji kwa sababu robine zetu za bomba zilitoa hewa tu. Yeye alisema kwa ajili yetu wote wawili. Mimi nilicheka, na hiyo ilimtosha. Siku ya kwanza nilipofika na maske ya kitenge puani, watu kwenye foleni walianza.

"Bonzhur, dokta. Unatuletea shindano ya kutuchoma?"

"Mumuache," rafiki yangu akasema, "anaficha meno."

"Korona iko ya bantu ba kupanda ndeke," akasema mama aliyekuwa akivuta kamba, akionyesha angani kama ndege inapita. "Itatoka Bulaya ikuye kutafuta nini huku, hata mayi hakuna?"

Wote wakacheka. Mimi pia, ndani ya maske.

Lakini hatari niliyoiogopa zaidi ilikuwa nyumbani, nayo ilikuwa sinia. Sisi ni Waislamu wenye asili ya Maniema, na kwa kambo chakula ni sinia moja, mikono yote ndani. Mdogo anammiminia mkubwa maji ya kunawa, kisha mnakaa chini. Na kwa kuwa macho ya kambo yana ukungu, mimi ndiye niliyemtolea samaki mifupa na kumwekea nyama upande wake wa bukari, ugali wetu. Nilitazama vidole vyangu. Vilikuwa vimetoka kushika kamba ya kisima, ambayo kila mtu ameishika.

Basi mchana mmoja nilipika lengalenga, mboga isiyo na mfupa, nikapakua sahani mbili. Yake nikaiweka juu ya kiti kidogo mbele yake. Yangu nikaenda nayo mlangoni, nikakaa nikimpa mgongo ili pumzi yangu iende nje. Sikueleza chochote. Nilidhani imeeleweka, maana redio ilisema kutwa.

Kwetu bibi na mjukuu wa kike huitana mbanda, yaani mke mwenza, kama wanaogombea mume mmoja. Kwa hiyo kambo alianza na utani.

"Leo mbanda anakulia ku mulango. Unafikiri nitakutilia sumu?"

"Hapana, kambo."

"Bwana yetu alishakufa zamani. Hatuna tena kya kugombania."

Nilicheka bila kugeuka. Hapo ndipo ningesema. Nikaacha papite.

Siku za mwanzo utani uliendelea, kisha ukakoma. Nilisikia taya zangu mwenyewe zikitafuna, na nyuma yangu kama hakuna mtu. Lakini sahani yake ilirudi tupu kila siku, nami nilijisifu kwa mama kwenye simu: anakula yote.

Kilichonishtua ni kuku wa jirani. Nilipokwenda kumwaga maji nyuma ya nyumba saa ya chakula, niliwakuta wamejipanga chini ya dirisha letu, wamenyanyua vichwa. Nikasimama. Mkono wa kambo ukatoka dirishani na tonge la bukari, ukaliachia. Ndipo nikaona jinsi mkono ule ulivyokonda.

Niliingia ndani. "Kambo, haukuli?"

Hakuruka wala kujificha. Alijifuta vidole. "Mutu akitengewa sahani yake, anajua."

"Anajua nini?"

Akanieleza kama mtu anayesimulia habari za jirani. Babu alipougua, hospitali ilimrudisha nyumbani. Hakuna aliyemwambia hali yake. Siku ile mama mzazi wa babu alitoa sahani moja, akampakulia babu peke yake. Katika nyumba ile hakuna mtu mwingine aliyewahi kula peke yake. Babu aliitazama, akaelewa, na mwezi haukuisha, akafa.

"Njo vile nilijua," kambo akasema. "Mama yako alikuambia usiniambie. Korona iko ndani yangu, ao hapana?"

Nilisimama pale kama darasani. Hakukuwa na mwingine wa kujibu. Nikasema yote bila kupumua: kwamba si yeye, ni mimi, ni vidole vyangu, ni kamba ya kisima, ni kifua chake, ni mama na ile simu.

Kambo akaniuliza, "Sasa mbona haukusema?"

"Sikujua namna ya kusema."

"Kinywa uko nacho kya kukula tu." Akacheka, kicheko kikamtia kikohozi, nikasogea nyuma hatua mbili bila kutaka. Aliona. Kikohozi kilipotulia akasema, "Kufa naogopa, sikudanganye. Lakini kukula miye moya kama mutu wa kungojea kufa, ile sitaweza."

Jioni niliifungua ile kaye. Kama sinia inarudi, basi vidole vyangu visitoke kwa mtu yeyote. Sabuni ningeweza kununua nikiwa mbali. Baada ya kamba ningeweza kunawa. Likabaki jina moja, la rafiki yangu, lile lililojirudia kila ukurasa. Baba yake aliendesha lori mpaka mpakani, na wiki ile alikuwa amerudi na kikohozi. Yeye pia alianza kukohoa. "Ni vumbi," aliniambia, na huenda lilikuwa vumbi kweli. Katuba nzima inakohoa wakati wa baridi.

Kesho yake nilikwenda kuchota saa sita, wakati hakuna mtu. Saa kumi, saa yetu ya kisimani, rafiki yangu akaja kugonga bati la lango letu.

"Unagonjwa?"

"Hapana."

"Sasa kuya inje, niko na habari ya kukuelezea."

"Siwezi. Ni juu ya kambo."

"Miye njo korona?"

Nilitaka kumwambia: si wewe, ni kile kikohozi. Kwa kambo nilikuwa nimeweza. Hapa nilishika bati la lango tu, sikufungua. Akangojea, nikaona vidole vya miguu yake chini ya lango.

"Sawa, dokta," akasema. Hakuwahi kuniita hivyo.

Shule zilipofunguliwa alikuwa akikaa na wengine. Tunasalimiana. Kikohozi cha baba yake kilikwisha chenyewe; sikuuliza, nilisikia tu. Kambo yuko, kifua na filimbi yake. Kuna siku ninaona nilichagua vizuri. Kuna siku ninakumbuka kwamba tungeweza kuzungumza kila jioni, bati katikati yetu, bila kumdhuru mtu, na kilichonizuia si korona, ni aibu.

Ila siku zile nilikuwa na kambo tu. Tulinawa kwa sabuni mpaka viwiko, tukakaa kwenye sinia moja, naye akala vizuri hata nikaogopa samaki hatatosha. Baada ya siku kama kumi aliuliza, "Na ule mwenzako wa kusema mingi, haikuye tena?"

"Iko na kazi kwabo."

"Umuambie akuye, kazi ikiisha."

Nikasema nitamwambia.