Nusu ya Ugali

Mimi sina subira, waulize watu wa kwetu Sironga. Lakini kila Alhamisi nilikwenda gereza la wanawake kama mshauri, kukaa na mahabusu waliolemewa na mawazo, na huko nilifunzwa kunywea.

Kulikuwa na msichana mmoja kiziwi. Hakuwahi kutia mguu shuleni, kwa hivyo lugha ya ishara niliyofundishwa kwenye semina haikumfaa kitu. Yeye na mama yake walikuwa na ishara zao wenyewe, walizobuni wakichuma majani chai. Kesi yake iliahirishwa kila mara kwa kukosa mtafsiri, na mama alikataliwa kwa kuwa ni jamaa. Sasa angejitetea vipi?

Kisha baba yake akafa. Nilimwomba mama aje mwenyewe amwambie, maana nani mwingine angeweza?

Alikuja baada ya mazishi, kichwa kimenyolewa chote. Wengi wetu wa kanisani tumeiacha desturi hiyo, lakini yeye alinyoa kumwombolezea mumewe. Mimi nikaona mjane. Binti akaona kingine. Juma lile chawa walikuwa wamezagaa bwenini, na wanawake wote walikuwa wamenyolewa, yeye akiwamo. Alipomwona mama nyuma ya waya wa chumba cha wageni, akamnyooshea kidole, akagusa kichwa chake mwenyewe, akakutanisha mikono kama aliyefungwa pingu. Alidhani mama naye ameshikwa.

Akalia kwa ile sauti yake nzito, akijipiga kifua.

"Anasema kosa ni lake," mama akaniambia.

Mama aliinua mikono amweleze, lakini ishara yao ya baba ni kumshika mwenzako bega, na waya ulikuwa katikati.

"Afande, tufungulie kidogo tu, amguse," nikamwambia askari wa zamu.

"Dada yangu, mkubwa hayupo. Nikifungua bila amri yake, nitamwaga unga."

Nilifoka. Nikataja haki, nikataja katiba, nikamtaja na Mungu. Saa ya wageni ikaisha, binti akaondolewa akitazama nyuma. Mama akaniuliza kwa Ekegusii, lugha yetu, kama mwanawe ameelewa. Nilichukia hata mkoba wangu wa mshauri.

Alhamisi iliyofuata mama alikuwa mgonjwa, hakuweza kusafiri. Ombi langu la kufunguliwa waya, nikaambiwa nisubiri, linashughulikiwa.

"Yule wako hali chakula vizuri," askari yuleyule akaniambia, kwa huruma kabisa. "Ugali wake anaukata mara mbili, nusu anaifunga kwa leso, kisha anasimama pale mlango wa bweni la pili, lisilo lake, akichungulia."

Nilimkuta hapo. Nikajaribu ishara zangu za semina, nikajaribu hata kumshika bega. Akanitazama tu. Kisha akanitilia leso mkononi, ingali na joto, akagusa kichwa chake, akaonyesha ule mlango: nimpelekee mama.

Nikaipokea. Ningefanya nini?