Pete ya Mama Kabula

Mpaka leo mshtuko haujanitoka. Mimi ni mnunuzi wa dhahabu hapa Nyarugusu, na wachimbaji wote wanajua sidanganyiki. Jumapili mama mkwe alipotutembelea, nikataka aone mkwe aliyempata. Nikampa binti yangu Kabula, wa miaka sita, sumaku ninayoondolea chembe za chuma kwenye dhahabu, ajifunze kipi kinavutwa na kipi hakivutwi.

Msumari ukanasa. Kizibo cha soda kikanasa.

"Sasa pete ya ndoa ya mama," nikajimwambafai. "Dhahabu haivutwi hata siku moja!"

Mke wangu akaivua, akaiweka mezani. Kabula akasogeza sumaku. Pete ikaruka, ta!

"Baba, imevutwa!" akashangilia.

Niliinunua kwa rafiki yangu, nikaona aibu kumpimia rafiki kwa sumaku. Mke wangu akabaki anakitazama kidole kitupu.

Mama mkwe akavua taratibu hereni nilizompelekea siku ya mahari, akaziweka mezani.

"Na hizi, mjukuu wangu?"

Zikaruka zote mbili.