Kamba Niliyoshindwa Kukunja

Enzi zetu kule Fizi-Centre, kamba ya kuruka ililindwa kuliko viatu. Tuliisuka kwa vipande vya nyavu chakavu alivyotuletea mjomba kutoka Baraka, kando ya ziwa, na ilinuka ndakala, wale dagaa wakavu, hata baada ya kufuliwa. Bingwa wa kuruka alikuwa Yaya Furaha, dada yangu mkubwa, tuliyesoma naye darasa moja. Siku mwalimu wa biolojia alipotuomba kamba zote, tulimpa kwa uchungu, maana wakubwa hawakawii kusahau kurudisha.

Shule haikuwa na hadubini. Mwalimu alitandaza turubai uwanjani, akatuingiza chini yake na matete na zile kamba. "Hii ni seli," akasema. "Haina mifupa, lakini iko na kiunzi ndani. Mukiachilia, itaanguka." Walioshika matete waliipa umbo. Wengine walifuata kamba wakibeba viazi, kwa kuwa ndani ya seli mizigo husafirishwa juu ya nyuzi kama hizo. Alipopunga mkono, tuling'oa matete ya nyuma tukayasimamisha mbele, na turubai likatambaa kama konokono. Tulicheka mpaka jasho likatutoka.

Kisha seli ikatakiwa kujigawa. Magunzi ya mahindi, ndiyo kromosomu zetu, yalifungwa katikati ya kamba, Yaya na wenzake upande mmoja, mimi na wengine upande wa pili. Kazi ilikuwa kukunja kamba polepole, ifupike, magunzi yatufuate. Lakini mwalimu alishasema tusiachilie, nami nilikuwa muoga wa fimbo. Nikaikaza kwa mikono miwili, nikafumba macho. Magunzi hayakusogea. Seli yetu ikabaki moja, na Yaya akanitania mwaka mzima: "Mapendo, kunja basi!"

Juzi nimerudi na Yaya hapa Baraka kutoka Bukavu, anakotibiwa saratani ya titi. Daktari alitueleza kazi ya dawa anayotundikiwa: inazikaza nyuzi za seli zisifupike, ili seli mbaya zishindwe kujigawa. Nyuzi za mishipa ya fahamu nazo huguswa, ndiyo maana vidole vyake vimekufa ganzi na kikombe cha chai kinamponyoka. Je, inashika kweli? Sijui. Naogopa barabara ya kurudi huko, na picha watakayompiga kuona kama uvimbe umepungua naiogopa zaidi.

Watoto wetu wa leo hufungua simu, seli inajigawa kabla bukari, ule ugali wetu, haijasongwa, nao wanapita kutazama watu wanaocheza dansi. Nilipowasimulia habari za turubai, waliniuliza kama mega za intaneti zilikuwa zimetuishia. Nilicheka nao. Enzi zetu tuliogopa fimbo, na jioni hofu ilikuwa imekwisha. Hii ya sasa inalala nami na kuamka nami.

Asubuhi hii nilikuwa namfunga Yaya vifungo vya blauzi, kwa kuwa vidole vyake haviwezi. Akaitazama mikono yangu kwa muda.

"Mapendo," akasema, "ile kamba, leo usikunje. Shika vile ulishikaka."