Picha Niliyoisoma Vibaya Malinya

Siku ile naikumbuka hadi leo, mwanangu, na nikiikumbuka mwili husisimka. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya Uhuru. Nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, nimerudi Malinya likizo, na watu wa kwetu walinitazama kama waziri.

Alasiri moja bwana kilimo alileta shuleni mashine ya kuonyesha picha ukutani. Tukaziba madirisha ya darasa kwa mablanketi, naye akaniomba niwasomee watu maandishi ya chini. Nikakubali kwa maringo. Ikaja picha ya mkulima akichanganya unga mweupe na mahindi. Nikaitupia jicho, nikatangaza, "Dawa hii inaua fukusi! Changanyeni na mahindi yenu nyumbani."

Jirani yetu Shiundu alikuwa na kopo la dawa hiyo. Akamnong'oneza mkewe, Ayuma, naye akatoka mbio.

Ndipo akasimama senge wangu, dada yake baba, aliyekuwa ameanza ngumbaru, masomo ya watu wazima, mwaka uleule. Alifuata herufi kwa kidole hewani, polepole.

"Ngoja kwanza. Hapo si pameandikwa 'mbegu ya kupanda tu'? Na hapo mwisho, 'sumu'?"

Nikatazama. Maneno yalikuwa pale, meupe, makubwa. Mimi, msomi, nilikuwa nimesoma picha tu!

Nilikimbia hadi kwa Shiundu nikipiga kelele. Nikamkuta Ayuma amepiga magoti kando ya kapu la mahindi ya kula, kopo wazi mkononi, ameshaliinamisha. Nikalipiga kopo teke likaruka uani. Watoto wake wanne walinikodolea macho. Wazia, mwanangu, wangekula nini jioni ile.

Niliporudi, bwana kilimo hakunigombeza. Alinikalisha, akarudisha picha moja moja. "Unaona nini? Haya, sasa soma. Maneno yamesema nini ambacho picha haikusema?"

Maswali hayo nilirudi nayo chuoni. Mimi na wenzangu tulikata picha magazetini, tukabishana kuzihusu, kisha tukasoma habari yenyewe neno kwa neno. Nilishangaa tena: wenzangu waliokariri vitabu bila kuvielewa wakaanza kuvielewa. Nami pia.

Wewe una video kiganjani. Itazame, ikuamshie hamu, ikupe maswali, kisha fungua kitabu ukahakikishe. Usiiruhusu ikusomee. Na mtu asiye na shahada akikusahihisha, nyamaza usikie.

Mungu wetu Nyasaye akutunze, mwanangu, akupe subira ya kufika mwisho wa sentensi kabla hujafungua mdomo.