Blanketi Lililochemshwa

Nilipoingia uani kwa wakwe zangu Kibugu, mama mkwe alikuwa akikoroga sufuria kubwa kwa mti. Nilidhani ni githeri, mahindi na maharagwe ya wageni. Akauinua ule mti, na kwenye ncha yake nikaona kipande cha fulana nyekundu. Niliganda pale langoni, mkungu wa ndizi ukiwa begani.

Fulana ile ilikuwa ya mwanawe, mdogo wa mke wangu, kijana mkimbiaji aliyefariki mwaka uliotangulia. Hakuacha mengi ila fulana: za mbio, za kwaya, ya timu ya kiwanda cha chai. Mke wangu alikuwa ameona katika jarida blanketi lililoungwa kwa fulana kuukuu, akaniomba nimshonee mama yake, maana baridi ya Kibugu haina huruma. Mimi nilikuwa fundi wa sare za shule karibu na Kinoru, mjini Meru. Nikaona ni kazi ndogo.

Lakini fulana ina ukaidi wake. Ukiikata inajikunja, ukiitia kwenye cherehani inavutika, na mraba wako unatoka kama yai. Kwa hiyo kwanza unaibandika kwa pasi kitambaa cha gundi upande wa ndani. Kuna chepesi, cha blauzi, na kuna kigumu, cha kola. Muuzaji wa duka la vitambaa aliviweka vyote viwili juu ya kaunta, akaniona nikigusa kigumu.

"Fundi, unashona blanketi au kofia ya polisi?"

"Napenda mshono ulionyooka."

"Chukua chepesi," mke wangu alisema. "Au ngoja kwanza nimuulize Mama huwa anafuaje."

Nilimkatalia. Kwetu mkwe hayakaribii mambo ya kitanda cha mama mkwe. Haingii chumbani mwake, hataji shuka zake, wala hasemi naye ana kwa ana. Kule kumshonea tu nilihisi nimevuka mpaka. "Usimuulize kitu kwa niaba yangu," nilisema. "Ni aibu." Nikalipia kigumu.

Blanketi lilipendeza macho, miraba imenyooka kama vitalu vya miche. Kulikunja ndiko kulikuwa vita. Mama mkwe alilipokea kwa mikono miwili, akanibariki kupitia kwa binti yake, wala hakulalamika. Angelalamikaje kwa mkwe?

Sasa mke wangu alinipita mbio pale langoni. "Mama! Unapika nini?"

"Sipiki. Ni blanketi la mwanangu. Nikigeuka linapiga kelele kama bati. Nikasema nilichemshe kama ninavyochemsha shuka zangu zote, labda litalainika."

Walilitoa likichuruzika. Gundi ilikuwa imeyeyuka na kupenya, fulana zimegandana uso kwa uso. Mama mkwe alivuta mbili, zikaachana kwa sauti kama ya gome la mti. Namba ya mbio iliyokuwa kifuani ilibaki nusu huku, nusu kule. Alitazama vile vipande, hakulia. 

Niliutua mkungu, nikasema nikiwa nimegeukia shamba la chai, "Mama watoto, mwambie Mama nitalichukua nirudi nalo Meru. Nitalifumua nilishone upya."

Mama mkwe alikuwa karibu kiasi cha kunisikia nikipumua, lakini alimjibu binti yake. "Mwambie mume wako asilifumue. Likienda Meru, mimi nitabaki na nini cha mtoto wangu?"

"Mama, hakujua."

"Najua hakujua. Si angeuliza?"

Mama mkwe aliligeukia blanketi. Alilitandaza kwenye nyasi, akaanza kutenganisha mraba mmoja mmoja, taratibu, kwa vidole vilivyoiva kwa maji moto. Taratibu mno. Gundi ile ikipoa hushika kabisa. Mimi nilijua hivyo, yeye hakujua, na fulana moja ya kwaya ilikuwa bado imekunjika ndani, haijaguswa.

"Mama," nilisema, nikimwelekea yeye mwenyewe kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya ukwe. "Usingoje gundi ipoe. Vuta sasa hivi, kutoka pembeni."

Mke wangu aliziba mdomo kwa kiganja. Mama mkwe aliniangalia usoni, nami nikamwangalia.

"Basi usisimame hapo," alisema. "Njoo ushike upande huu."

Nikapiga magoti kwenye nyasi, nikashika blanketi la mama mkwe kwa mikono yangu miwili, tukavuta.