Séraphine wa Hostia, Aliyesikiliza Chuma

Alizaliwa Séraphine mwaka 1958 katika vilima vya Masisi, juu ya barabara itokayo Sake, mahali ambapo ukungu huamka kabla ya watu. Baba yake alichunga ng'ombe, mama yake alilima viazi, na karibu na kwao kilisimama kikanisa cha Mtakatifu Ana, chenye sakafu ya udongo na kengele ya rimu ya gari. Hapo alibatizwa, hapo alifunga ndoa, hapo alimzika mumewe. Vita ilipowasha vilima mwaka 1993, alishuka Goma na kitenge kimoja mwilini. Mwili ulishuka, moyo ukabaki kule juu. Padri hakupanda tena kwa Mtakatifu Ana, altare ikakaa bila mkate. Jioni Séraphine alisimama akitazama upande wa kwao, akiomba neno moja tu: "Mungu wangu, nirudishe, nikupelekee mkate."

Masista wa Goma walimpokea achote maji jikoni. Humo Sista Annonciata, mzee ambaye macho yalikuwa yameanza kumwacha, alichoma hostia, mkate mwembamba wa Misa, kwa chuma cha mabamba mawili chenye mikono mirefu, juu ya makala, yaani makaa ya moto. Séraphine akamwomba amfundishe. "Siku nikirudi kwetu, nisifike mikono mitupu," alisema.

Mwanzo wake ulikuwa aibu. Hostia zake za kwanza zilitoka laini, tena zinanukia vizuri ajabu. Padri Léopold aliionja moja, akaacha kutafuna.

"Mama, umetia nini humu?"

"Maziwa kidogo tu, Padri. Kwetu mugeni hatumupatiake maji tupu. Na huyu Mugeni ni Yesu!"

Padri alicheka hadi akatafuta kiti, lakini hakukubali: hostia ni ngano na maji, basi. Sinia zima likaliwa na watoto wa wakimbizi, ambao tangu hapo walimfuata njiani wakipiga kelele, "Mama Biskwiti! Mama Biskwiti!" Séraphine akajifungia jikoni akalia. Sista Annonciata akamwambia, "Lia, mutoto wangu. Halafu kesho urudi. Upendo unao, sasa jifunze kutii."

Akatii. Sista alimwonyesha kupima muda kwa sala: mimina uji wa ngano, funga, Salamu Maria mbili, fungua. Alishika kanuni hiyo kama mtoto anavyoshika kitenge cha mama sokoni, na hostia zikatoka nzuri. Lakini mvua zilipoanza, makala yakawa na unyevu. Akasali zilezile mbili, na hostia zikachanika zote. Alipoongeza sala, zikaungua. "Makala haisali, binti yangu," Sista akasema. "Sikiliza chuma." Séraphine akainama, akasikia mvuke tu ukipiga mluzi, wala hakuelewa. Miaka ikapita hivyo. Asubuhi moja, akiwaza ng'ombe wa baba yake, mkono ulifungua chuma wenyewe, na hostia ikatoka nyeupe kama ukungu wa kwao. Ndipo akajua: mluzi hushuka, halafu chuma hunyamaza kidogo kabla ya kuunguza. Katika ukimya ule mdogo ndipo mkate huiva.

Mlima ulipomwaga moto juu ya mji mwaka 2002, wengine walikimbia na magodoro. Yeye alikimbia na chuma kichwani. Mwaka 2012, katika kambi ya Kanyaruchinya, alimkuta Héritière, msichana aliyekimbia kutoka Kiwanja, akamchukua kuwa mwanafunzi. Hapo Séraphine alikuta jaribu gumu kuliko yote: kukaa kimya mwingine akiharibu. Mkono wake ulitaka kunyakua, kama mama anayemwona mtoto akiachia ukuta kwa hatua ya kwanza. Akaukalia.

Julai 2014 habari ikaja: njia imefunguka, padri atapanda kwa Mtakatifu Ana. Lakini Séraphine alikuwa amevimba miguu, pumzi fupi, amelazwa kwenye mkeka mlangoni pa jiko. Kwa mara ya kwanza Héritière alichoma peke yake.

"Mama, nifungue?"

Séraphine aliuma pindo la kitenge.

"Mama! Itaungua!"

Mluzi ukashuka. Chuma kikanyamaza, na wakati uleule vidole vya Séraphine vilipojikunja juu ya mkeka, akasikia mabamba yakiachana. Hostia ilikuwa nyeupe.

"Basi utapanda weye," akanong'ona, machozi yakishuka. "Mimi nimeshafika."

Alfajiri Mungu akamwita. Héritière alibeba hostia katika sanduku mlimani chini ya mvua, na waliokuwepo wanasimulia kwamba sanduku lilipofunguliwa altareni, lilikuwa bado na joto. Kanisa halijatamka neno juu ya hilo, tunasimulia tulivyopokea. Baada ya Misa wachungaji walimletea Héritière kikombe cha maziwa, wakisema, "Kwetu mugeni hatumupatiake maji tupu." Akakishika kwa mikono miwili, akashindwa kunywa kwa kulia.

Leo jikoni kuna msichana mpya, na hostia zake zinaungua. Héritière humwachia alie kwanza. Nasi tulioanza vibaya jambo lolote jema, tumwige Mama Séraphine: machozi yakiisha, kesho turudi.